Mpunga Uliofungiwa Mlango wa Kadimiamu

Mpunga unaostahimili metali nzito si lazima uwe salama kwa anayeula. Kadimiamu inaweza kuwa udongoni kwa kiasi kisichoudhuru mmea hata kidogo: mpunga ukastawi, masuke yakajaa, na sumu ikatulia kwenye punje ikisubiri figo za mlaji. Ndivyo ilivyokuwa katika bonde la mto Jinzu, Japani, ambako maji yaliyobeba mabaki ya mgodi wa Kamioka yaliingia kwenye majaruba kwa miongo mingi. Walioumia zaidi ni wanawake wa makamo na wazee. Figo ziliharibika, mifupa ikadhoofu hadi ikavunjika kwa mshtuko mdogo. Serikali ilitambua mwaka 1968 kwamba chanzo ni kadimiamu. Kubadilisha udongo wa mashamba yale kulichukua zaidi ya miaka 30, kukakamilika 2012.

Mwaka huohuo, Satoru Ishikawa na wenzake walichapisha njia inayoanzia kwenye mbegu badala ya udongo. Walichukua Koshihikari, mpunga unaopendwa kuliko yote Japani, wakaipiga mbegu yake kwa miale ya ayoni za kaboni ili jeni zibadilike huku na kule. Kisha wakaotesha vizazi vyake kwenye udongo wenye kadimiamu na kupima punje. Hapa ndipo penye jasho, kwa sababu mmea usiobeba sumu hauna alama yoyote ya nje; haupatikani kwa macho. Ilipatikana mimea mitatu. Punje za Koshihikari ya kawaida zilikuwa na wastani wa miligramu 1.73 za kadimiamu kwa kilo. Za mimea hiyo mitatu hazikufika 0.05. Kikomo cha kimataifa kwa mchele uliokobolewa ni 0.4.

Mimea yote mitatu ilikuwa imeharibika jeni moja, OsNRAMP5, kila mmoja kwa namna yake. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa seli za mizizi kama mlango wa kuingizia manganizi, madini ambayo mpunga unayahitaji. Kadimiamu hupenya humohumo. Mlango ukifungwa, sumu hubaki nje, ila manganizi nayo hupungua. Kinachouokoa mpunga ni maji: kwenye jaruba lililofurika oksijeni huisha, manganizi huyeyuka kwa wingi, na mmea hupata ya kuutosha kwa njia nyingine. Zao lingine lisilolimwa majini lingeweza kudhoofika kwa mabadiliko hayohayo.

Maji hayo ndiyo yanayonifanya niithamini mbegu hii kuliko dawa nyingine zilizotangulia. Wakulima wa Japani walikuwa wakifurisha majaruba wakati mpunga unapotoa masuke, kwa kuwa ndani ya maji kadimiamu hushikana na salfa na mizizi haiipati. Lakini hali hiyohiyo huifungua aseniki, sumu nyingine ya udongoni, nayo hupanda kwenye punje. Ukikausha shamba aseniki hupungua, kadimiamu hurudi. Mkulima alikuwa akichagua sumu ya kupunguza. Akiwa na mbegu isiyovuta kadimiamu, anaweza kupunguza maji kwa ajili ya aseniki bila hofu ya ile nyingine.

Gharama ipo. Kwenye udongo wenye manganizi haba, mpunga huu hushambuliwa zaidi na ugonjwa wa madoa ya kahawia, hivyo shamba linahitaji kuongezewa manganizi. Na ipo hofu ya walaji. Mkoa wa Akita ulianza mwaka 2025 kuhamia Akitakomachi R, iliyopatikana kwa kupandanisha Akitakomachi na uzao wa mmea mmoja kati ya ile mitatu ya Ishikawa, na baadhi ya wanunuzi wakauita mchele wa mionzi. Hawastahili kubezwa, nchi yao inaijua mionzi kwa machungu. Wanachopaswa kuelezwa waziwazi ni kwamba mbegu zilizopigwa miale ni za mababu wa mpunga huo, kwamba miale hiyo haibaki ndani ya mmea, na kwamba kilichorithiwa ni pengo la herufi moja katika jeni moja.