Sarafina wa Jukwaani: Nyota Ni Darasa Zima

Nimemwona! Jamani, nimemwona Sarafina wa jukwaani, yule wa mwanzo kabisa, kabla filamu haijamchukua na kumsambaza katika kila kibanda cha video kuanzia Bujumbura hadi Nyanza-Lac. Ni vipande tu, si mchezo mzima. Vimo ndani ya filamu ya hali halisi, Voices of Sarafina!, aliyoitengeneza Nigel Noble mwaka 1988, nasi tumeionea hapa Gitaza, Burundi, juu ya shuka jeupe, mbalamwezi ikiwa kali hata picha ikapauka. Lakini mbalamwezi hiyo ndiyo iliyotuletea watu. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wa ndagala hawaingii ziwani, maana taa zao hazina nguvu mbele ya anga lote lililowaka, kwa hiyo vijana walikuwa nchi kavu, hawana kazi, na jenereta ilipoanza kunguruma walikuja wote.

Ninachotaka kusema nakisema sasa hivi, kabla sijapaliwa na furaha: tumekuwa tukimpenda Sarafina kwa kupitia dirisha dogo. Filamu ya mwaka 1992 ni nzuri, nimeiangalia hadi mistari imenikaa kichwani, lakini jukwaani kuna kitu ambacho filamu ilikiacha mlangoni. Jukwaani nyota ni darasa zima.

Tuelewane kwanza ni mchezo gani huu. Mbongeni Ngema aliutunga na kuuongoza, Hugh Masekela akashirikiana naye katika muziki, na ulifunguliwa Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987. Unasimulia habari za wanafunzi wa Morris Isaacson, shule ya sekondari ya Soweto, mahali ambapo moto wa tarehe 16 Juni 1976 uliwaka pale watoto walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Mwaka huohuo wa 1987 ukavuka bahari hadi Lincoln Center, New York, na tarehe 28 Januari 1988 ukaingia Broadway, katika ukumbi uliokuwa ukiitwa Cort. Ulichezwa mara 597. Hebu fikiria, mara 597, na waigizaji wengi ni vijana waliotoka vitongoji vya Afrika Kusini. Leleti Khumalo, mtoto wa KwaMashu, alikuwa na miaka 17 mchezo ulipofunguliwa, na mwaka uliofuata jina lake likawa kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya Tony.

Sasa sikiliza wanavyoimba! Anayeimba peke yake haimbi peke yake hata mara moja. Mmoja anatupa mstari, wenzake wanaudaka kabla haujagusa chini, wanaurudisha umenenepa, na miguu inajibu kile midomo ilichosema. Kuna Colgate, kuna Teaspoon, kuna Crocodile, majina ya utani ya darasani kama tuliyokuwa nayo sisi, na kila mmoja anapata dakika yake ya kuwa mtu kamili kisha anarudi kundini bila kupungua. Bendi ipo palepale jukwaani, nyuma ya uzio wa waya, inapiga muziki wa mbaqanga kwa besi inayokusukuma kifuani. Kijana aliyekuwa akitutafsiria kwa maiki, kutoka Kiingereza kuja Kiswahili, alifanya jambo moja la akili sana: wimbo ukianza, ananyamaza. Hakuna aliyelalamika kwamba hakuelewa.

Na sisi wa Burundi tuna sababu ya kulielewa jambo hili upesi. Ngoma zetu zinapangwa nusu duara, inkiranya katikati, amashako zikishikilia mdundo usiokatika, ibishikizo zikifuata anachoagiza wa kati. Yule wa kati ndiye anayeruka, ndiye anayepigwa picha na wageni, ndiye aliyefanya UNESCO waiandike ngoma yetu ya kifalme kwenye orodha ya urithi mwaka 2014. Lakini nyamazisha amashako uone kama ana pa kutua. Leleti Khumalo jukwaani ni inkiranya. Anawaka, ndiyo, macho hayamwachi, ila anawaka kwa sababu darasa lote limemshikilia.

Filamu ilifanya nini? Ilimleta Whoopi Goldberg akawa mwalimu, Mary Masombuka, na kamera ikampenda. Naielewa hesabu ya wenye fedha, sinema inataka uso unaojulikana Marekani. Lakini mizani ikahama. Darasa likawa watu wanaofundishwa ujasiri na mwalimu wao, wakati jukwaani mwalimu wao mwenye jina la utani, Mistress It's-a-Pity, aliyeigizwa na Baby Cele, anaimba na kucheza ndani ya kundi kama mmoja wao. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo. Katika filamu nilimlilia mwalimu. Kwenye shuka lile nimewashangilia wanafunzi.

Halafu kuna jambo jingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Kilele cha mchezo ni tamasha la shule, wanafunzi wanaigiza siku ambayo Mandela atatoka gerezani, na Sarafina ndiye anayekuwa Mandela. Mwaka 1987! Mandela yuko ndani, atatoka tarehe 11 Februari 1990, na hakuna mtu mle ukumbini anayejua hivyo. Masekela mwenyewe bado yuko uhamishoni, hajakanyaga nyumbani tangu mwaka 1960. Wale vijana wanaigiza kitu ambacho hakijatokea, kwa uhakika wote, na sauti zao zinasikika kana kwamba zinakivuta. Filamu ilipotoka mwaka 1992 mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, kwa hiyo tulichokiona ni kumbukumbu. Jukwaani lilikuwa dai. Ndani ya filamu hii ya Noble vijana wanazungumza pia nje ya mchezo, wanasimulia maisha waliyoyaacha nyumbani, na mwimbaji Miriam Makeba anaonekana akiwa nao, na unagundua kwamba wanapoimba hawaigizi huzuni ya mtu mwingine.

Hapa kwetu hadithi ya wanafunzi na bunduki haihitaji maelezo. Tarehe 30 Aprili 1997, katika seminari ndogo ya Buta, Bururi, kule milimani juu yetu, vijana 40 waliuawa baada ya kukataa kujitenga, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Walikataa kwa pamoja. Kila ninapoliona darasa la Sarafina likisimama kama mwili mmoja nawakumbuka wale, na naamini kwa moyo wote kwamba siku moja mtu atawatungia mchezo wa nyimbo unaowastahili. Wakati huo ukifika, kwaya iwe ndiyo mhusika mkuu. Asitafutwe shujaa mmoja.

Nirudi Broadway kidogo, kwa sababu kuna tarehe inayonichekesha kwa furaha. Siku mbili tu kabla Sarafina! haijafunguliwa pale Cort, tarehe 26 Januari 1988, The Phantom of the Opera ilifunguliwa Majestic, mitaa michache kutoka pale. Phantom ndiyo iliyochukua Tony ya mchezo bora wa muziki mwaka ule, Sarafina! ikatoka na uteuzi mara tano bila ushindi. Phantom iliendelea hadi Aprili 2023, maonyesho 13,981, rekodi ya Broadway. Naiheshimu, nyimbo zake nimezisikiliza. Lakini ile ina taa kubwa ya vioo inayoanguka kutoka darini, na bila taa hiyo watu wataomba warudishiwe nauli yao. Sarafina! inataka uzio wa waya, sare za shule, tarumbeta na koo za vijana. Nikiambiwa nichague mchezo mmoja wa kale wa kufufua, nachagua ule ambao shule ya Rumonge inaweza kuubeba leo jioni. Fedha hata hazisaidii sana. Mwaka 1995 serikali ya Afrika Kusini ilimpa Ngema mkataba wa zaidi ya randi milioni 14 atengeneze Sarafina ya pili, kuhusu UKIMWI, na kilichobaki kwenye kumbukumbu ni kashfa, si wimbo.

Mpenzi wa michezo hii akishaanza kufuata uzi hawezi kuacha, basi nifuateni. Masekela huyu wa Sarafina! alikuwa kijana wa tarumbeta katika okestra ya King Kong, mchezo wa Johannesburg wa mwaka 1959 juu ya maisha ya bondia Ezekiel Dlamini, muziki wa Todd Matshikiza. Na aliyeimba nafasi ya Joyce mle ni nani? Miriam Makeba, ambaye miaka 33 baadaye akawa Angelina, mama yake Sarafina, kwenye filamu! King Kong ilipofika London mwaka 1961 Makeba alikuwa ameshakwenda zake, Joyce akawa Peggy Phango. Ukisikiliza santuri za wakati ule, ile shaba ya okestra inacheka na kulia katika pumzi moja, na ndipo unaposikia Masekela alijifunzia wapi.

King Kong ilifufuliwa mwaka 1979 ikaanguka, ikafufuliwa tena Cape Town mwaka 2017, Fugard Theatre, na safari hiyo watu wakajaa. Mimi nina imani kali kuhusu ufufuaji: usiguse pumzi. Badilisha mavazi, badilisha mandhari, kata maneno yaliyozeeka, lakini shaba iwe ya watu wanaopuliza na kwaya iwe ya watu wanaotoka jasho. Pleibeki inaua. Nimeona maigizo mengi ya nyimbo huku pwani ya ziwa, shuleni na makanisani, vijana wana vipaji vya kutisha, kisha mtu anabonyeza simu, spika inaimba badala yao, na uhai wote unatoka kama upepo kwenye tairi.

Kuhusu The Lion King nitasema haraka, maana kila mtu huniuliza. Jukwaa la Julie Taymor la mwaka 1997 ni maajabu ya macho, na sauti za kwaya za Lebo M zinanisimamisha nywele. Ila sisi wasema Kiswahili tumepewa majina, Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, na Kizulu kikapewa nyimbo. Nawaonea wivu Wazulu.

Wivu wangu mwingine ni wa Nairobi. Mwaka 2018 Nairobi Performing Arts Studio, chini ya Stuart Nash, waliipandisha Sarafina! kwenye Kenya National Theatre, na mwaka 2022 wakaleta palepale Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, kwa Kikuyu na kwa Kiingereza. Watu wengi huusoma mchezo huu darasani kama maandishi makavu na kusahau kwamba umejaa nyimbo na ngoma! Ulizaliwa Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wa watu 2,000, mazoezi yakafanywa hadharani, wazee wakawa wanawasahihisha waigizaji namna wimbo fulani unavyoimbwa. Wiki chache baada ya kufunguliwa ukapigwa marufuku, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Miaka arobaini na mitano ikapita, ukarudi kwenye jukwaa la taifa! Ombi langu moja tu: safari ijayo kuwe na usiku wa Kiswahili. Tafsiri yake, Nitaolewa Nikipenda, imechapishwa tangu mwaka 1982, maneno yapo tayari, na huku ziwani tungeimba kila kiitikio.

Lakini ninaoutamani zaidi ya yote ni ndugu yake, Maitu Njugira. Mwaka 1982 kundi la Kamiriithu liliuandaa: mchezo wa Kenya ya mkoloni, wenye nyimbo zaidi ya 80 kutoka makabila mbalimbali. Ukumbi wa taifa ulifungwa mbele yao, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kufanya mazoezi, na maelfu ya watu wakajaa kuangalia mazoezi tu, kisha na huko wakafungiwa. Machi mwaka huo ukumbi wao wa Kamiriithu ukabomolewa. Haukuwahi kufunguliwa rasmi. Nyimbo 80, jamani, kwaya tupu kutoka mwanzo hadi mwisho, na umati uliousikia uliusikia mazoezini! Siku nikisikia kuna mtu ameupangia tarehe, hata kama ni uwanjani bila paa, naanza kuchanga nauli asubuhi hiyohiyo, na kile kikosi kizima cha wavuvi waliokaa mbele yangu juzi kimeshaniambia kinakuja, mradi iwe mbalamwezi.