Kitanzi Kilichochorwa Mwaka 1986

Kwa nini mtu anayekwenda kupigana na majambazi avae kamba shingoni? Kamba ni mkono wa adui: akiishika tu, umekwisha. Ila katika Watchmen, kitabu cha vibonzo kilichoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Dave Gibbons, kikatoka kwa matoleo 12 kati ya 1986 na 1987, shujaa wa kwanza kabisa kuficha uso wake ndivyo anavyovaa. Anaitwa Hooded Justice. Ana mfuko wa kitambaa kichwani na kitanzi shingoni, na kitabu kinafika mwisho bila kumfunua. Wasomaji tuliliona vazi hilo tukadhani tumelielewa. Huyu ni mnyongaji, tukasema, anakuja kutoa hukumu.

Kipindi cha sita cha tamthilia ya Watchmen, kilichorushwa na HBO tarehe 24 Novemba 2019, kiliuliza swali lililokuwa limelala pale kwa miaka 33. Je, kama hilo si vazi la mnyongaji, bali la aliyenyongwa?

Nakichambua kipindi hiki kwa ufundi wake, na siwezi kufanya hivyo bila kutoa siri zake nje. Asiyekitazama, na anayechukia kusimuliwa, aishie hapa.

Kipindi kinaitwa "This Extraordinary Being". Kimeandikwa na Damon Lindelof na Cord Jefferson, kikaongozwa na Stephen Williams, na mpiga picha mkuu ni Gregory Middleton. Mwaka 2020 waandishi hao wawili walipata tuzo ya Emmy kwa mswada huu, na Middleton akapata yake kwa picha za kipindi hikihiki. Kisa kinaanzia rumande. Angela Abar (Regina King), askari polisi wa Tulsa, amemeza chupa nzima ya vidonge vinavyoitwa Nostalgia, vilivyotengenezwa ili mtu akumbuke maisha yake mwenyewe. Alivyomeza si vyake, ni vya babu yake, Will Reeves. Kwa hiyo anazama katika maisha ya mtu mwingine: kijana Mweusi aliyeponea chupuchupu katika mauaji ya Tulsa ya 1921, akakua, na mwaka 1938 akaapishwa kuwa polisi New York. Anamkamata mzungu aliyechoma duka la Myahudi. Mzungu anaachiwa. Kisha polisi wenzake Will wanamkamata yeye, wanamfunika mfuko kichwani, wanamning'iniza mtini, na kabla roho haijatoka wanaikata kamba ili liwe onyo. Anarudi nyumbani kwa miguu, kitanzi kikiwa bado shingoni. Njiani anasikia kelele uchochoroni, watu wanashambuliwa. Anauvaa ule mfuko na kuingia.

Basi, ndilo jibu. Hakuna vazi lililobuniwa. Vazi alivalishwa na wale waliotaka kumuua.

Kabla ya hapo, waandishi wanatuonyesha uongo kwanza, na wanautengeneza kwa ustadi mkubwa. Kipindi kinafunguliwa na American Hero Story, tamthilia iliyo ndani ya tamthilia, ambayo wahusika wa Watchmen huitazama kwenye televisheni zao. Humo Hooded Justice ni mzungu mwenye taya pana, anayeigizwa na Cheyenne Jackson. Maofisa wawili wanamhoji na kumtishia, anavua kinyago, kisha anawachakaza. Kila kitu kinang'aa. Damu ni nyekundu kwelikweli. Aliyetazama vipande vya mchezo huo katika vipindi vilivyotangulia anaujua mtindo wake: ngumi inapunguzwa mwendo ili tuifurahie, kisha inaongezwa kasi inapotua. Ni dhihaka kwa filamu nyingi za mashujaa za miaka hii. Lakini hapa dhihaka ina kazi. Inatupa kipimo, ili dakika chache baadaye, picha zinapopoteza rangi na kamera ikaacha kukata, tujue tumetoka katika hadithi inayosimuliwa na taifa na kuingia katika hadithi inayokumbukwa na mwili.

Na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo.

Kumbukumbu katika filamu ina desturi zake zilizochakaa. Mhusika anatazama mbali, picha inafifia, sauti inapata mwangwi, tunajikuta mwaka mwingine. Mkato mmoja, tumefika. Shida ya mkato ni kwamba unatenga: huku sasa, kule zamani, na mtazamaji amekaa salama katikati. Williams na Middleton walikataa utengano huo. Angela yuko rumande, Laurie Blake (Jean Smart) anajaribu kumshikilia asizame, na ile dunia ya 1938 inaanza kujipanga nyuma yake ndani ya fremu ileile. Hasafiri kwenda zamani. Zamani inakuja kumchukua alipokaa.

Akishazama, kunakuja mchezo ambao ndio uti wa mgongo wa kipindi. Tunamtazama Will kijana, anayeigizwa na Jovan Adepo. Kamera inamwacha, inageukia mtu mwingine au inapita nyuma ya bega, na inaporudi mahali pale pamesimama Regina King, katika mkao uleule, hasira ikiwa palepale ilipoachwa. Sekunde chache, kisha ni Adepo tena. Hakuna mwako wa taa wala muziki wa kututahadharisha. Anayezungumza na Will haoni tofauti yoyote, anaendelea kuzungumza.

Fikiria kinachohitajika ili jambo hilo lifanikiwe mbele ya kamera. Waigizaji wawili lazima wajue hatua zilezile kwa hesabu ileile. Mmoja atoke na mwingine aingie wakati jicho la kamera liko upande wa pili, bila kishindo, bila kivuli kuwaumbua. Taa ipangwe ifae nyuso mbili zisizofanana. Mwenye kushika fokasi asipoteze umbali. Na kila anayeshiriki katika tukio aendelee kuigiza kana kwamba hakuna mtu aliyekimbia nyuma ya mgongo wake. Kosa la mmoja linarudisha wote mwanzo. Ingekuwa nafuu sana kukata. Ingekuwa nafuu pia kuuweka uso wa King juu ya mwili wa Adepo kwa kompyuta, na nadhani tungeuchukia uso huo mara moja.

Faida ya ugumu huo ni hii: mtazamaji haambiwi kwamba Angela "anahisi" alichohisi babu yake. Anauona mwili wa Angela umesimama mahali ambapo tusi linatupwa. Kitendo alichotendewa mwanamume wa 1938 kinampata mwanamke wa 2019, kwa sababu kwenye fremu ndiye aliyepo. Maneno kuhusu majeraha yanayorithiwa yamesemwa mno siku hizi, mpaka yamekuwa mepesi. Hapa hayakusemwa hata mara moja.

Kuhusu weusi na weupe wa picha, ni rahisi kuona ni pambo tu, heshima kwa sinema za upelelezi za enzi zile, zenye lami iliyolowa na kofia za pama. Heshima hiyo ipo, pamoja na kejeli kwamba sinema hizo hazikumpa mtu Mweusi nafasi ya upelelezi. Ila uamuzi huu una sababu ya ndani zaidi. Magazeti yanaposhangilia shujaa mpya, kila mtu anaamini ni mzungu. June, mke wa Will, ambaye Danielle Deadwyler anamwigiza kwa utulivu unaotisha, ndiye anayelishika tatizo: uso utaonekana kupitia matundu ya macho. Anachukua rangi nyeupe na kumpaka mumewe kuzunguka macho. Katika picha ya rangi tungeona mtu aliyepakwa vipodozi. Katika picha isiyo na rangi tunaona mpaka kati ya giza na nuru umechorwa juu ya uso wa mtu, na hakuna kingine cha kutazama. Kinyago cha kitambaa kinakuja juu ya kinyago cha ngozi. Mwaka 1986 mchoraji alionyesha ngozi nyeupe ndani ya matundu yale, na hilo ndilo lingekuwa pingamizi la kwanza la wasomaji wakongwe. Waandishi walilitazama pingamizi hilo wakaligeuza kuwa tukio zuri kuliko yote katika mswada wao.

Hapa na pale rangi inapenya kidogo, na mama yake Will anaonekana akipiga piano, kama alivyokuwa katika sinema ya Dreamland siku Tulsa ilipoungua. Dreamland ilikuwepo kweli, katika mtaa wa Greenwood. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Juni 1921 na asubuhi yake, kundi la wazungu liliuteketeza mtaa huo, zaidi ya nyumba 1,000, na wanahistoria hukadiria waliouawa wanaweza kufika 300. Piano ile haina maelezo. Asiyetazama kipindi cha kwanza hataielewa, na sioni kama waandishi walikuwa na deni la kumwelewesha.

Tukio la mtini nalitaja kwa ufupi kwa sababu limetengenezwa kwa ufupi. Kamera inaingia ndani ya mfuko. Tunasikia pumzi. Hatuoni mwili unaoning'inia, na hilo ni jambo la adabu pamoja na ufundi, maana Marekani ilikuwa na desturi ya kupiga picha za watu walionyongwa na kundi na kuziuza kama postikadi. Mwongozaji angemwonyesha Will kutoka chini, angetuweka pamoja na wale waliosimama kutazama. Amekataa kutupa kiti hicho.

Sasa nirudi kwenye kitabu, maana sifa kubwa iliyotolewa kwa kipindi hiki ni kwamba hakikufuta mstari hata mmoja wa Moore. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Kitabu kinadokeza uhusiano wa kimapenzi kati ya Hooded Justice na shujaa mwenzake, Captain Metropolis. Tamthilia inauonyesha wazi. Ndani ya kitabu, shujaa mstaafu Hollis Mason anaandika kwamba Metropolis alikuwa akitoa kauli za kibaguzi dhidi ya Weusi. Tamthilia inaichukua sentensi hiyo na kuipa uzito usiosahaulika. Will anampigia simu mpenzi wake huyo kuomba msaada dhidi ya kundi la wabaguzi, naye anamjibu kwamba mambo ya Weusi hayawahusu mashujaa wake. Lakini Mason huyohuyo anaandika pia kwamba, kabla Marekani haijaingia vitani, alimsikia Hooded Justice akiusifu utawala wa Hitler. Mtu yule tuliyemwona akimtia pingu mchomaji wa duka la Myahudi? Waweza kusema alikuwa anaigiza uzungu wake, au Mason alisikia vibaya. Tamthilia yenyewe haisemi neno. Hapo mshono umeachia, na mashabiki wanaodai kila kitu kimelingana hawajayasoma tena yale maandishi ya Mason.

Kuna mambo mengine mazuri ambayo wengine wameyaandika vya kutosha: muuza magazeti anayemsimulia Will kibonzo kipya, Action Comics toleo la kwanza la 1938, kuhusu mtoto aliyetumwa mbali na wazazi wake dunia yao ilipokuwa inaangamia, na Samuel Battle, mtu wa historia kweli, aliyeingia polisi ya New York mwaka 1911, ambaye ndiye anayembandika Will beji baada ya mkuu mzungu kumruka. Yanafaa, yanapita.

Kisichonifaa ni projekta. Wabaguzi wa kipindi hiki, wanaojiita Cyclops, wanatumia filamu yenye mwanga wa kupumbaza akili ili watazamaji Weusi wa Harlem washambuliane. Naielewa hamu ya waandishi. Kisa chote kilianzia sinema, na sinema ina hatia yake katika historia hii. Ila mashine hiyo inaupunguza uovu ule tuliokwisha kuuona. Polisi waliomtundika Will hawakupumbazwa na mwanga wowote. Walikuwa na kamba, gari na usiku mtupu. Baada ya hapo, kutuambia kwamba kuna mtambo wa siri ghalani ni kuturudisha katika vibonzo wakati tulikuwa tumetoka.

Hata hivyo mtambo huo unalipa deni lake mahali pamoja. Will mzee, sasa akiigizwa na Louis Gossett Jr., anautumia mwanga uleule kumlazimisha Judd Crawford, mkuu wa polisi wa Tulsa, ajinyonge kwa mkono wake mwenyewe. Kifo hicho ndicho kilichoanzisha tamthilia nzima, na Judd alikuwa rafiki mkubwa wa Angela. Tangu hapo Angela ametafuta ukweli wa kifo hicho. Anaupata akiwa ndani ya kumbukumbu za muuaji mwenyewe, baada ya kipindi kizima cha kamera kumweka mahali pake, kupigwa alipopigwa, kukasirika alipokasirika. Hawezi tena kumtazama kutoka nje, nasi pia hatuwezi. Jefferson na Lindelof hawakumpa Angela hata sentensi moja ya hukumu katika tukio lile.