Namna ya Kusoma Ufa wa Zege

Ukitaka kujua fundi alichanganya zege namna gani, tafuta kipande kilichovunjika. Lipu inaweza kupendezesha ukuta wowote, ila mpasuko haujui kuficha.

Kikaushe kipande, ukiinamishe kwenye jua la asubuhi mpaka vivuli vilale juu yake. Hapa Tukuyu, wilayani Rungwe, kokoto nyingi ni mawe meusi ya volkano, magumu sana. Katika zege la kawaida ufa hauyavunji hovyo. Huyazunguka, ukifuata pale saruji inapokutana na jiwe. Kwa hiyo mimi huanza na vishimo vilivyoachwa na kokoto zilizong'oka. Pitisha kidole ndani. Kishimo kikiwa laini na kidole kikatoka na vumbi la udongo, kokoto zilimwagwa bila kuoshwa, hata kama saruji haikupunjwa. Lakini ukikuta ukoko wa saruji umeng'ang'ania jiwe, na mawe mengine yamekatika katikati, hapo vitu vilishikana kweli. Kuna pia yale mawe mepesi yenye matundu: hayo ufa huyapasua, na uso wa mpasuko hutoka karibu tambarare. Basi litambue jiwe kabla ya kumlaumu fundi.

Sasa sogeza jicho. Kila kona ya ufa ina kona ndogo ndani yake, na hizo nazo zina vikona. Maumbo ya namna hii mwanahisabati Benoit Mandelbrot aliyaita frakta mwaka 1975, na mwaka 1984 yeye na wenzake wakapima kwa msingi huo nyuso za vyuma vilivyovunjika. Wewe chaki inakutosha. Chora miraba ya sentimita 10 juu ya ufa, uhesabu iliyoguswa; kisha igawe iwe ya sentimita 5, uhesabu tena. Ufa ulionyooka utagusa miraba mara 2 ya ile ya kwanza. Ukitoka 10 ukafika 23, ufa umepinda kweli: kipimo chake ni kama 1.2, wakati mstari mnyoofu ni 1.

Ninaupenda ufa uliohangaika hivyo. Kila kona imeugharimu nguvu kupita, na ukiwa mwembamba, kuta zake bado zinaumana kama meno na kubebana. Ila linganisha zege lenye kokoto za aina moja tu.

Mtandao wa nyufa nyembamba sakafuni, kama tope lililokauka, ni habari nyingine: maji yalitoka usoni upesi mno. Wengi hapa huacha kumwagilia wakisema mvua ya Rungwe inatosha. Haitoshi. Mvua ya jioni haifuti jua la mchana kutwa, na zege changa linataka unyevu usiokatika kwa siku 7 angalau. Ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha, kagua msingi. Ufa unaofuata nondo na kuacha doa la kutu, mwite fundi leo.

Kibarazani kwangu upo mmoja, unaanzia kwenye nguzo. Nimeweka alama ya penseli kwenye ncha zake zote mbili, na tarehe pembeni. Masika imepita, na ncha bado ziko pale pale kwenye penseli.