Santuri za Marehemu na Uaminifu wa Mhariri

Mwimbaji anapofariki akaacha nyimbo zisizokamilika, wale wanaobaki na kazi yake huwa na njia tatu mbele yao: kuliacha pengo wazi, kulijaza kwa sauti nyingine inayojulikana, au kulifukia hata lisitambulikane. Santuri za muziki wa roki zina mifano ya njia zote tatu, na mwenye kuzipima huona kwamba zinatofautiana kwa uaminifu zaidi kuliko kwa ufundi.

Yafaa kwanza kueleza jinsi kazi hii inavyowezekana. Tangu miaka ya 1960 studio nyingi zilitumia utepe wenye njia kadhaa zilizolala sambamba. Sauti ya mwimbaji huwekwa katika njia yake, gitaa katika yake, na ngoma katika yake. Na kila moja yaweza kufutwa au kurudiwa bila ya kuzigusa nyingine. Kwa hiyo sauti ya mtu yaweza kuondolewa katika muziki aliouimbia na kutiwa katika muziki asioupata kuusikia maishani mwake.

Njia ya kwanza ilifuatwa katika santuri ya Janis Joplin iitwayo Pearl. Joplin alifariki tarehe 4 Oktoba 1970, na santuri ikatolewa Januari 1971. Wimbo mmoja, Buried Alive in the Blues, umo ndani yake kwa vyombo vitupu, kwa kuwa mwimbaji alifariki kabla ya kuutia sauti. Msikilizaji hana haja ya kuelezwa lolote. Kimya chenyewe chamweleza.

Kinyume chake ni santuri ya Jimi Hendrix iitwayo Crash Landing. Hendrix alifariki London tarehe 18 Septemba 1970, akaacha tepe nyingi. Mwaka 1975 mtayarishaji Alan Douglas aliondoa sehemu nyingi zilizopigwa na wenzi wa Hendrix, akaajiri wapigaji wengine, tena akajitaja kuwa mtunzi mwenza wa baadhi ya nyimbo. Santuri hiyo ilifika nafasi ya 5 katika orodha ya mauzo ya Marekani. Lakini wingi wa wanunuzi si ushahidi wa usahihi: gitaa la Hendrix lasikika likiitikiana na watu ambao hawakuwamo chumbani alipokuwa akilipiga.

Kati ya hao wawili iko santuri ya kundi la Queen, Made in Heaven, iliyotolewa Novemba 1995. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akafariki London tarehe 24 Novemba 1991. Miezi yake ya mwisho alirekodi huko Montreux, Uswisi, akijua kwamba wenzake watamalizia baadaye. Katika wimbo wa Mother Love aliimba mpaka ukabaki ubeti wa mwisho, naye hakurudi tena kuuimba. Ubeti huo uliimbwa na mpiga gitaa Brian May kwa sauti yake mwenyewe, wala hakujaribu kuigiza sauti ya marehemu. Mshono waonekana, na kwa kuonekana kwake wimbo hupata uzito ambao ufundi wowote usingeweza kuuleta.

Lakini katika santuri hiyo hiyo zimo nyimbo mbili, Made in Heaven na I Was Born to Love You, ambazo Mercury alikwisha zikamilisha na kuzitoa mwaka 1985 katika santuri yake binafsi. Sauti yake ilichukuliwa humo, na kundi likapiga muziki mpya chini yake. Yaweza kujibiwa kwamba waliofanya hivyo walikuwa wenzi wake wa miaka ishirini, na hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, ruhusa ya kumalizia kilichobaki si lazima iwe ruhusa ya kukigeuza kilichokwisha kamilika. Tena sauti ya mtu mwenye afya imewekwa kando ya sauti ya mgonjwa wa 1991, na msikilizaji asiyejua huzidhania zote kuwa wasia mmoja.

Mhariri wa hati za tenzi anaijua hali hii. Akikuta ubeti ulioliwa na mchwa, ana haki ya kupendekeza maneno, ila huyatia katika mabano. Na akipata nakala mbili za nyakati mbalimbali, hazichanganyi kimyakimya. Watengenezaji wa santuri hawana mabano, lakini wana majalada, na karatasi ya jalada yatosha kueleza ni nani aliyepiga, lini, na juu ya sauti ya mwaka gani. Pasipo maelezo hayo, mhakiki hawezi kujua kama anamhukumu marehemu au anawahukumu waliomrithi.