Vimeng'enya Vinavyodhibiti Msokoto wa DNA katika Bakteria

Kromosomu ya bakteria Escherichia coli ni duara moja lenye jozi za besi zipatazo milioni 4.6, ambalo likinyooshwa hufikia milimita 1.6 hivi, ilhali seli inayolibeba ina urefu wa takriban mikrometa 2 tu. Kwa kuwa duara hilo halina ncha iliyo huru, nyuzi zake mbili, ambazo huzungukana mara moja katika kila jozi 10.5 za besi, haziwezi kubadili idadi ya mizunguko yao isipokuwa zikatwe na kuungwa upya. Na mizunguko hiyo ikipungua, molekuli nzima hujipinda juu yake yenyewe kama waya wa simu ya mezani. Hali hiyo huitwa msokoto hasi, na umuhimu wake ni mkubwa, maana nyuzi zenye upungufu huo hufunguka kwa urahisi zinapohitaji kunakiliwa.

Mwaka 1971 James Wang alieleza kimeng'enya kinachoulegeza msokoto huo, ambacho leo huitwa topoisomerasi ya kwanza, lakini kile kinachoutia kilikuwa bado hakijulikani. Mwaka 1976 Martin Gellert na wenzake nchini Marekani, waliokuwa wakichunguza jinsi virusi lambda anavyopachika DNA yake katika kromosomu ya bakteria, walibaini kwamba DNA iliyolegea hupata msokoto hasi ikichanganywa na protini za seli pamoja na ATP, molekuli inayotoa nishati. Kimeng'enya walichokipata ni jairesi.

Jairesi ina vipande vinne, viwili vya GyrA na viwili vya GyrB. Huiviringisha DNA juu yake, ikakata nyuzi zote mbili, huku asidi amino moja ya kila GyrA, tirosini, ikiushikilia uzi uliokatwa kwa kifungo cha kikemia ili usiponyoke. Kisha hupitisha sehemu nyingine ya DNA hiyohiyo katika mwanya na kuuziba, na idadi ya mizunguko hupungua kwa 2. Topoisomerasi ya kwanza hukata uzi mmoja tu, haihitaji ATP, na hurudisha mzunguko 1 kwa kila hatua.

Jambo la ajabu zaidi ni kwamba DNA yenyewe ndiyo kipimo kinachoongoza utengenezaji wa vimeng'enya hivyo viwili. Mwaka 1983 Rolf Menzel na Gellert walionyesha kwamba DNA ikilegea, jeni za jairesi husomwa kwa wingi zaidi, kinyume cha jeni nyingi ambazo hudhoofika katika hali hiyo. Nayo topA, jeni ya topoisomerasi ya kwanza, huchochewa msokoto unapozidi. Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka kwa bakteria waliopoteza topA, ambao mara nyingi walikutwa wakiwa na mabadiliko mengine katika jeni za jairesi, yaliyopunguza nguvu yake na kurudisha uwiano.

Dawa ya siprofloksasini huua bakteria kwa kuinasa jairesi wakati DNA ingali imekatwa, na badiliko la asidi amino moja tu, serini ya 83 katika GyrA ya E. coli, hupunguza makali ya dawa hiyo.