Mrithi, Msimamizi na Hati

Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Hatua hiyo ni njema. Walakini katika mashauri ya ardhi yako maneno ambayo hayajakaa mahali pake.

Msimamizi wa mirathi huteuliwa na mahakama akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, kisha awagawie warithi. Si lazima awe mrithi. Katika mazungumzo huitwa "mrithi", na kwa jina hilo mjanja huuza shamba kana kwamba ni lake.

Neno "hatimiliki" nalo lina lawama. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Apatacho mtu ni haki ya kuikalia, nayo ile itolewayo na serikali haizidi miaka 99. Hati ni ushahidi wa haki, wala si haki yenyewe.

Kadhalika, "hati batili" huitwa ile ya kughushi na ile iliyokosewa jina tu, ingawa hii ya pili yaweza kusahihishwa. Yafaa zitengwe: "hati ya kughushi" na "hati yenye kosa". Mjane asiyeelezwa tofauti hiyo huweza kuliacha shamba lake kabla shauri halijasikilizwa.