Nani Mwenye Bustani? Mtaji wa Starehe Katika Ufaransa

Katika madarasa yetu ya siasa swali la umiliki hujibiwa haraka mno. Mwanafunzi huuliza nani ana hisa nyingi, na akishajibiwa hufunga daftari. Mimi mwenyewe nimefundisha hivyo kwa miaka. Bustani ya starehe ya Disney huko Marne-la-Vallée, mashariki ya Paris, yadhihirisha upungufu wa mafundisho hayo.

Mkataba wake ulitiwa saini Machi 1987 baina ya kampuni hiyo ya Kimarekani na serikali ya Ufaransa, Jacques Chirac akiwa Waziri Mkuu. Serikali ilikubali kuuza ardhi ya mashamba ipatayo hekta 1,900 kwa bei ya chini, ikatoa mkopo wa riba nafuu, ikarefusha reli ya abiria hadi mlangoni. Reli hiyo ni jasho la walipa kodi, pamoja na wale wasiomudu kiingilio. Mwaka 1989 hisa za Euro Disney ziliuzwa kwa umma kwa faranga 72 kila moja. Disney yenyewe ilijipatia asilimia 49 kwa faranga 10 kwa hisa.

Wasomi wa Kifaransa walipiga kelele, lakini zaidi juu ya utamaduni. Wakulima nao walifunga njia za kuingilia kwa matrekta Juni 1992, miezi miwili baada ya bustani kufunguliwa, wakipinga siasa ya kilimo. Ni wachache walioufungua mkataba. Huo, kwa maoni yangu, ni udhaifu wa uchambuzi: walimpiga panya wa katuni wakamwacha karani wa mahesabu.

Maana kiini kilikuwa humo. Kampuni iliundwa kwa namna ambayo uendeshaji ulibaki mikononi mwa kampuni tanzu ya Disney, ingawa zaidi ya nusu ya hisa ilikuwa ya watu wengine. Tena Disney ilijiwekea mrabaha: asilimia 10 ya viingilio na asilimia 5 ya vyakula na bidhaa, mbali na ada ya uendeshaji. Angalia vizuri, ndugu msomaji. Mrabaha huo haukukatwa katika faida bali katika mapato. Bustani ikila hasara, unadaiwa vilevile. Na hasara ilikuja, zaidi ya faranga bilioni 5 katika mwaka wa hesabu wa 1993. Mwaka 1994 mabenki yalisamehe sehemu ya riba, Mwanamfalme Alwaleed bin Talal wa Saudi Arabia akanunua karibu robo ya hisa, na Disney ikasimamisha mrabaha kwa miaka mitano. Kusimamisha, si kufuta.

Mwaka 2007 kila hisa 100 ziliunganishwa kuwa moja. Mwaka 2017 Disney ikawanunua wenye hisa waliobaki kwa euro 2 kwa hisa, ikaiondoa kampuni sokoni.

Sisi tungepaswa kuitambua hila hii mapema. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika yetu kadhaa ya umma yaliendeshwa na makampuni ya nje kwa mikataba ya menejimenti: hisa zetu, ada zao. Muhula huu nimewapa wanafunzi ukurasa wa mrabaha kabla ya ukurasa wa hisa. Wawili wamelalamika kwamba hesabu si siasa.